Ziara ya Mikumi kwa watoto wa Darasa la Tatu: tufanyeje ili wajifunze wanyama kweli?

Swali, kutoka kwa Mwalimu wa Mbagala

Habari za kazi, walimu wenzangu, pamoja na wazazi mnaosoma hapa.

Ninafundisha Sayansi Darasa la Tatu katika shule ya msingi iliyoko Mbagala, Dar es Salaam, na mkondo wangu una watoto 84. Mwaka jana tuliandaa ziara ya siku moja ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Wazazi walichangishwa, tukakodi kosta mbili, na watoto 51 ambao wazazi wao walimudu mchango wakaondoka nasi saa kumi alfajiri. Wale 33 waliobaki walikuja shuleni kama kawaida, wakapewa mazoezi ya mwandiko mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 280, na kwa foleni ya Kibaha pamoja na mara zote tulizosimama ili watoto wajisaidie, tulifika getini saa tano kasoro robo, jua limeshakuwa kali. Tuliona makundi ya swala pala, pundamilia wachache, twiga watatu, na tembo kwa mbali sana. Kila mnyama alishangiliwa kwa dakika moja, kisha wakaanza kuniuliza chakula kitaliwa saa ngapi. Saa nane tukageuza. Tulifika Mbagala saa tatu usiku, wengi wamelala, wawili wametapika, nami nikimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia.

Kesho yake niliwaambia wote, walioenda na wasioenda, wachore mnyama mmoja waliyemwona kwa macho yao siku ya jana na kuandika sentensi tatu juu yake. Katika madaftari 51 ya waliosafiri nilikuta simba 19, ilhali hatukuona simba hata mmoja. Alikuwa simba wa kwenye kitabu, manyoya ya shingoni yamechorwa kama miale ya jua, na chini yake imeandikwa kwamba simba ni mfalme wa porini. Watoto saba walichora kosta. Twiga walikuwapo, lakini wengi hawakuwa na pembe, na wawili walipewa madoa ya duara kama ya chui.

Daftari lililonikalisha chini lilikuwa la binti mmoja miongoni mwa wale waliobaki. Alimchora kunguru amesimama kwenye ukingo wa pipa la taka la shule, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, shingo imepakwa kijivu na mwili mweusi, mdomoni ameshika mfupa wa kuku. Chini aliandika hivi: "Kunguru hali mfupa hapo hapo. Anauficha kwenye majani. Halafu anaangalia kama kuna mtu." Nilipowaonyesha wenzake mchoro ule, sauti kama kumi zilinijibu kwa pamoja: "Huyo siyo mnyama, mwalimu, huyo ni ndege!"

Mwaka huu kamati ya shule inataka ziara irudiwe mwezi wa tisa. Siipingi ziara, na sitaki mtoto wa Mbagala amalize shule bila kumwona tembo wa nchi yake. Naomba tu mnishauri namna ya kuwaandaa watoto ili wakifika waone badala ya kushangilia, na namna ya kuwatendea haki wale ambao wazazi wao hawana mchango. Wale 33 bado wananiuma mpaka leo.

---

Jibu, kutoka kwa Mwalimu wa madarasa ya awali, Morogoro

Mwalimu mwenzangu, pole kwa safari na hongera kwa kuyasoma madaftari yale kwa makini. Wengi wetu tungeweka alama ya vyema na kuendelea na mada nyingine.

Kabla ya ziara, naomba usilipite lile la "siyo mnyama, ni ndege". Kwa Kiswahili cha nyumbani watoto wako wamesema sawasawa: mnyama ana miguu minne na manyoya, ndege ni ndege, samaki ni samaki, na vingine vyote, kuanzia siafu hadi nge, ni wadudu. Somo la Sayansi linalitumia neno hilo hilo kwa maana pana zaidi, na mtoto asipoambiwa waziwazi kwamba neno moja linaweza kuwa na maana ya nyumbani na maana ya darasani, atabaki akidhani ama mwalimu amekosea ama mama yake amekosea. Mimi huwaonyesha kwamba lugha yenyewe imeshawakusanya: tunasema mbuzi amelala, kunguru amelala, samaki amelala, jongoo amelala, lakini hatusemi kamwe mti amelala. Kisha nawauliza ni kitu gani wote hao wanafanya ambacho mti haufanyi, na mabishano yanayofuata yananitosha kipindi kizima.

Sasa nikueleze mradi ninaoufanya kila mwaka, kwa sababu hauhitaji mchango wa mzazi yeyote. Nyuma ya jiko la shule yetu kuna mlimau. Mvua zikishaanza na majani machanga kuchipua, kuna kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye huja kutaga kwenye majani hayo, yai moja moja, dogo kama kichwa cha pini. Ni kipepeo wa kawaida kabisa na nina hakika hata Mbagala wapo, mradi upatikane mlimau, mchungwa au mdanzi. Nawagawa watoto katika vikundi vya watu saba, na kila kikundi kinapewa tawi lake ambalo kimelifunga uzi wa rangi. Kazi yao ni kulitazama tawi hilo kila siku kabla ya kengele ya kwanza na kuandika walichokiona, hata kama ni kuandika kwamba leo hakuna kilichobadilika.

Siku chache baadaye yai linaangua, na hapo ndipo watoto wanapodanganyika wote. Kiwavi mchanga wa kipepeo huyu ana rangi ya kahawia na nyeusi yenye baka jeupe, na akitulia juu ya jani anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Kila mwaka kuna kikundi kinachokuja kuniambia kwamba yai lao limepotea na ndege amelichafua jani. Siwaambii. Nawaomba waendelee kutazama, mpaka siku ile "kinyesi" kitakapoanza kutembea, na kelele zitakazopigwa nyuma ya jiko humfanya mwalimu mkuu atoke ofisini. Swali la kwa nini mdudu ajifananishe na kinyesi wanaliuliza wenyewe, na jibu la kwamba ndege hali kinyesi wanalipata wenyewe.

Baadaye kiwavi hujivua ngozi mara kadhaa na hatimaye anakuwa wa kijani, mnene kama kidole cha mtoto. Ukimgusa kwa kijiti taratibu, anatoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali, kisha anazirudisha ndani. Watoto wangu wameandika kwamba harufu hiyo ni ya limau lililooza. Sijawahi kuwafundisha sentensi hiyo.

Anapokaribia kuwa pupa, tunamhamishia kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa kipande cha chandarua, pamoja na kijitawi chake, ili tuweze kumtazama darasani. Anajifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba kiunoni, kama mkwezi wa minazi alivyojifunga kamba, na kukaa hivyo kwa muda wa wiki mbili hivi. Hapa panahitaji uvumilivu, maana mtoto wa miaka minane anaona hakuna kinachofanyika. Ninachofanya ni kuwaambia wachore kila siku pupa yule yule, na baada ya siku kumi wanagundua wenyewe kwamba rangi imekuwa inageuka. Kipepeo akitoka mabawa yake ni kama karatasi iliyokunjwakunjwa, nasi tunasubiri yanyooke na kukauka, ndipo tunamwachia nje.

Mwaka mmoja kijana aliniletea maneno ya baba yake, mkulima wa machungwa huko Matombo, kwamba shule inawafuga maadui wa wakulima. Baba yule alikuwa na haki, kwa sababu viwavi hawa wanaweza kuumaliza mche mdogo wa mchungwa. Nilimwalika aje kuzungumza na watoto, akaja, na ikawa mara ya kwanza watoto wale kuelewa kwamba mnyama mmoja anaweza kuwa mzuri machoni pa mtu huyu na hasara kwa mtu yule.

Mtoto aliyefuatilia kiwavi kwa wiki tano, mwalimu, ukimpeleka Mikumi haendi kushangilia. Anaenda akiwa na mazoea ya kutazama. Yule binti yako wa kunguru tayari anayo.

---

Jibu, kutoka kwa Mwongoza watalii, Mikumi

Mwalimu wa Mbagala, nimeongoza wageni katika hifadhi hii kwa miaka mingi, na magari ya shule nayapokea kila msimu wa kiangazi. Uliyoyaeleza nimeyaona mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukusimulia safari yenu bila kuwapo.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri wanyama wengi hupumzika kivulini, na simba huwa amelala kwenye majani marefu ambako hata mimi ninaweza kumpita. Nyinyi mliingia wakati wao wa kulala na mkatoka kabla hawajaamka. Saa nzuri ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, kisha jioni. Kama uwezo upo, laleni Morogoro au Mikumi mjini, muingie getini linapofunguliwa. Siku hizi kuna treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwezi Juni 2024, na baadhi ya shule huja nayo kisha kukodi magari kutoka Morogoro, hivyo watoto hawachoki kama zamani. Kuhusu viingilio, raia wa Afrika Mashariki hulipa kidogo mno kuliko wageni wa nje na watoto hulipa pungufu ya hapo. Andikeni barua mapema kwenda ofisi ya hifadhi, mkieleza kwamba ni ziara ya mafunzo na idadi ya wanafunzi.

Kosa la pili ni kutaka kuona kila kitu. Hifadhi hii ina kilomita za mraba 3,230, na hakuna mtoto atakayeimaliza kwa siku moja. Walimu wanaofanikiwa ni wale wanaokuja na maswali mawili au matatu tu. Nakumbuka mwalimu mmoja aliyeniomba nisimamishe gari mbele ya kundi la swala pala na kuzima injini kwa dakika ishirini. Mimi nilidhani watoto wataleta fujo. Aliwauliza jambo moja: wako wangapi wenye pembe? Wakahesabu. Katika kundi la swala zaidi ya thelathini, mwenye pembe alikuwa mmoja. Mtoto mmoja akasema wengine ni watoto bado, mwenzake akamwonyesha kwamba wanalingana kwa ukubwa, wa tatu akamwona mmoja ananyonyesha, na hapo wakajua wenyewe kwamba majike hawana pembe. Kisha mbele kidogo tukakuta kundi la madume matupu, wote na pembe zao, na maswali yakaanza upya: hawa wamefukuzwa, au wamejitenga? Dakika ishirini zilikuwa arobaini.

Jambo la tatu ninalowasihi walimu ni kwamba wasidharau kinyesi. Tembo ukimfukuzia utamwona kwa mbali, lakini kinyesi chake kiko pembeni ya barabara na hakikimbii. Tembo hula zaidi ya kilo 100 za majani na matawi kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula hicho hutoka bila kusagika, kwa hiyo hata kutoka dirishani mtoto anaona nyuzi za magome, vijiti na mbegu nzima. Mahali palipotengwa kwa ajili ya kushuka, mwongozaji anaweza kukipasua kwa kijiti na kuwaonyesha dundu wanaokiviringisha, au mbegu iliyoanza kuota ndani yake. Nimewaona watoto waliochoka kumtazama tembo wakikaa nusu saa kwenye kinyesi chake. Kushuka kwenye gari mahali pengine popote hakuruhusiwi, na hilo walielewe kabla ya kupanda basi, si mkiwa tayari ndani.

Kuhusu pundamilia, waambieni watoto watazame mkia na masikio, wahesabu yanapigwa mara ngapi kwa dakika moja. Hapa tuna mbung'o, na watafiti wameonyesha kwamba milia huwafanya nzi wanaouma washindwe kutua vizuri kwenye ngozi. Mtoto aliyeng'atwa na mbung'o ndani ya kosta anaielewa habari hiyo kwa haraka ya ajabu.

Neno la mwisho ni juu ya ngano zetu. Watoto wa Kitanzania hawaji mbugani vichwa vitupu. Wanakuja na sungura mjanja na fisi mlafi, mjinga, anayedanganywa kila mara. Ngano hizo nazipenda na ninazisimulia jioni. Lakini mkimkuta fisi, waulizeni watoto wanajua nini juu yake, kisha waambieni kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba katika jamii yao majike ndio wakubwa kwa mwili na ndio wanaoongoza. Wasichana wako wataipenda sana habari hiyo.

---

Jibu, kutoka kwa Mzazi, muuza samaki Feri

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu. Ni mama wa watoto watatu na ninauza samaki hapa soko la Feri, Dar es Salaam. Nimeandika kwa sababu mwanangu wa pili amewahi kuwa mmoja wa wale wanaobaki shuleni siku ya ziara, katika shule ambayo sitaitaja, na ninajua sura aliyorudi nayo nyumbani. Hakulia. Aliniambia tu kwamba hakupenda kwenda, nami nilijua anasema hivyo ili nisijisikie vibaya.

Naomba mfikirie jambo hili. Mnawasafirisha watoto kilomita 280 kwenda kuona wanyama kutoka dirishani, na hapa Feri kuna wanyama ambao mtoto anaweza kuwashika, kwa nauli ya daladala tu. Mkija asubuhi, saa za mnada, mtamkuta changu, kibua, nguru, taa, kamba, ngisi na pweza, na mara nyingine samaki ambao hata sisi tunabishana majina yao. Mtoto anaweza kuinua kifuniko cha shavu la samaki na kuona matamvua mekundu yanayomwezesha kupumua majini; nasi wauzaji tutamweleza kwa nini matamvua yaliyopauka ni dalili ya samaki aliyelala. Anaweza kumgeuza taa na kuona kwamba mdomo uko upande wa chini, akafikiri mwenyewe huyu anakula nini na anakulia wapi. Anaweza kuhesabu mikono ya pweza ikatimia minane, kisha ya ngisi ikatimia kumi, miwili mirefu kuliko mingine.

Siku moja nilimwambia mwanangu yaliyosemwa na kijana wa chuo aliyekuja kununua kwangu, kwamba pweza ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu. Hakuniamini mpaka alipomwuliza mwalimu wake. Tangu hapo amekuwa akija sokoni kila Jumamosi kunisaidia, na sasa anawafundisha wateja.

Msije 84 kwa pamoja, maana sakafu inateleza na wapagazi wanapita na ndoo mbio. Njooni ishirini ishirini, mvae viatu vya kufunika vidole, na watoto wanawe mikono kabla ya kuondoka. Mkinitafuta upande wa wanawake wanaokaanga, nitawapokea mimi mwenyewe.

---

Jibu, kutoka kwa Mwalimu wa Kisauni, Mombasa

Hamjambo walimu wa Tanzania. Mimi hufunza Gredi ya 2 hapa Kisauni, na katika Shughuli za Mazingira sisi pia tuna mada ya wanyama. Ziara yetu ya kila mwaka ni Haller Park pale Bamburi, na nimeona niseme jambo ambalo wageni wengi hulipita.

Watoto hupelekwa pale kulisha twiga na kutazama viboko na kobe wakubwa. Hadithi inayopendwa zaidi ni ya mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa pale na kumwandama kobe mzee wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130. Hiyo ni hadithi tamu na ni ya kweli, ingawa mimi huwauliza watoto: tuliona nini, na tunadhani nini? Kwamba walilala pamoja na kula pamoja, watu waliona. Kwamba kiboko alimdhania kobe kuwa mama, hilo twalidhani. Mtoto wa miaka saba anaweza kabisa kutenganisha mambo hayo mawili, mradi aulizwe.

Lakini mnyama niendaye naye darasani kutoka Haller Park ni jongoo. Mahali pale palikuwa timbo tupu la mawe ya chokaa la kiwanda cha saruji, jeupe, bila udongo wala kivuli. Mwaka wa 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyostahimili zaidi. Taabu ikawa kwamba majani ya mvinje yaliyoanguka hayakuoza, hivyo udongo haukujengeka. Kisha akagundua kwamba jongoo huyala, akaleta jongoo kwa mamia, nao wakageuza majani yale kuwa udongo uliokuja kubeba msitu mzima. Kila nikiwaambia watoto kwamba msitu wanaoutembea umetengenezwa na jongoo, wao hutazama chini na kuanza kuinua miguu kwa uangalifu.

Darasani tunaweka mikebe miwili yenye majani makavu na unyevu sawa, mmoja una jongoo watano na mwingine hauna hata mmoja, na kila Ijumaa tunatazama tofauti. Watoto wasiwashike na kisha kujigusa macho, maana jongoo hutoa maji yanayowasha. Sabuni iwe karibu. Wengine mwanzoni huogopa, nasi tusiwacheke. Mimi mwenyewe nililelewa nikiambiwa kinyonga ni nuksi, na nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu nilipomtazama kwa mara ya kwanza kwa utulivu, nikaona jicho moja likinitazama na jingine likimtazama nzi.

---

Mrejesho, kutoka kwa Mwalimu wa Mbagala

Asanteni sana, na samahani kwa kukaa kimya miezi minne. Nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Mlimau tuliupata kwa jirani wa shule, na kati ya vikundi kumi na viwili, vitano vilifanikiwa kufikisha kipepeo. Kikundi kimoja kiwavi wake alibebwa na siafu, na watoto waliandika habari hiyo vizuri kuliko wote. Mama wa Feri, tulikuja kwako kwa awamu nne, watoto wote 84, na hakuna mzazi aliyeshindwa nauli. Shikamoo, na Mungu akubariki.

Kuhusu Mikumi, niliiomba kamati ya shule iache kumchangisha kila mzazi kiasi kile kile kwa mkupuo. Tulianza kukusanya kidogo kidogo tangu mwezi wa tano, wazazi wawili wakaongeza kwa hiari, na tukauza mboga za bustani ya shule. Hatukufikisha fedha ya watoto 84. Tulifikisha ya 60, tukapiga kura mbele ya watoto wote, na kila aliyepata nafasi akapewa swali moja la mwenzake aliyebaki, aliandike na kulirudisha na jibu. Sijaridhika na 24 waliobaki, na mwakani tutaanza kukusanya mwezi wa kwanza. Lakini safari hii walikuwa wakimsubiri mtu aliyekwenda kwa niaba yao, na kesho yake darasa zima lilikuwa kelele tupu za kuulizana.

Tulilala Morogoro, tukaingia getini alfajiri. Simba tulimwona, jike mmoja, kwa mbali. Katika madaftari 60 nimekuta simba wanne tu, na wote hawana manyoya ya shingoni.

Yule binti wa kunguru kura haikumwangukia. Swali alilompa mwenzake lilikuwa: "Je, Mikumi kuna kunguru, na wanaficha nini?" Huku shuleni ameendelea na kazi yake. Alikuwa akiweka alama ya chaki ukutani karibu na kila mahali alipomwona kunguru anaficha chakula, na siku ya pili anakwenda kutazama. Mara nyingi chakula hakipo. Sasa anataka kujua kama kunguru ndiye anayekumbuka na kurudi kukichukua, au ni paka na panya wanaokiokota usiku. Sijui nimsaidieje.

---

Jibu, kutoka kwa Mwongoza watalii, Mikumi

Mwambie atumie vipande vya chapati badala ya mifupa. Kila kunguru anapoficha kipande, binti naye afiche kingine kinachofanana nacho, hatua tatu kutoka pale, mahali ambapo kunguru hakumwona, na aweke alama sehemu zote mbili. Paka na panya hunusa, kwa hiyo wao watavikuta vyote viwili. Kama kile cha kunguru ndicho kinachoondoka mara kwa mara na kile cha binti kinabaki, basi atakuwa amepata dalili nzuri. Arudie angalau mara kumi kabla ya kusema lolote, na matokeo ayaandike hata yasiyompendeza.

Kuhusu swali lake la Mikumi: kunguru wa huku ni wengine, wana baka jeupe kifuani na begani. Wanachokificha sijawahi kukitazama. Nitaanza wiki hii.